Mtu wetu yuko Kasapa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu magereza ya Haut-Katanga

Ukurasa huu ni wa familia za Lubumbashi, Likasi na Kipushi, nchini Kongo (DRC), zenye mtu ndani, na wa yeyote anayetaka kuelewa gereza la serikali linavyoendeshwa. Majina ya ofisi tumeyaacha kama yanavyotamkwa: parke (ofisi ya mwendesha mashtaka), kasho (chumba cha mahabusu), grefe (ofisi ya daftari na karatasi), dosye (faili la kesi). Ukifika mlangoni na Kiswahili cha vitabu utapoteza asubuhi nzima.

Magereza ni ya nani, na Kasapa imekaa wapi katika mpangilio?

Ni ya taifa. Wizara ya Sheria iliyoko Kinshasa ndiyo yenye magereza, na mkoani inawakilishwa na divisheni yake. Gavana anaweza kuleta magunia ya unga au kusaidia kuezeka paa, lakini hana mamlaka ya kumfungulia mfungwa mlango. Kila mwezi kuna familia zinazomwandikia gavana barua ya kuomba mtu aachiliwe. Barua hizo huishia kwenye kabati.

Kitabu kilichofuatwa kwa zaidi ya miaka 57 ni oridonansi (amri) namba 344 ya tarehe 17 Septemba 1965. Sasa kuna sheria namba 23/028 ya tarehe 15 Juni 2023 inayoweka kanuni za msingi za magereza, ila majina ya zamani bado yanatawala midomoni. Kwa mpangilio ule wa 1965, kila mji wenye korti kubwa (siku hizi TGI, tribunal de grande instance) una gereza kuu. Chini yake yanakuja magereza ya distrikti, halafu magereza ya polisi kwenye vituo vidogo. Pembeni kuna nyumba za mahabusu na kambi za vifungo.

Kasapa, kule Lubumbashi upande wa kampasi ya chuo kikuu, ni gereza kuu. Buluo, karibu na Likasi, ni gereza la ulinzi mkali, linalopokea wenye vifungo virefu na wale ambao serikali inawaona hatari. Likasi ina historia yake: Januari 1960, ilipokuwa bado ikiitwa Jadotville, Patrice Lumumba alifungwa huko, akatolewa siku chache baadaye aende Brussels kwenye mkutano wa uhuru.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Ndani ya Kasapa utamkuta mwizi wa simu, askari mwenye dosye ya auditora (mwendesha mashtaka) wa kijeshi, muuaji aliyehukumiwa, na mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa mshirika wake, wote uwanja mmoja. Kuhusu huyu wa mwisho, deni tupu si kosa la jinai. Dosye nyingi za madeni zimevalishwa koti la kuvunja uaminifu ili zikubaliwe parke, na avoka (wakili) mzuri huanza kwa kuvua koti hilo.

Kasho, amigo, gereza: tofauti ni nini?

Kasho (wengine wanasema amigo) ni chumba cha kituo cha polisi au cha parke. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu asizidishe saa 48 mikononi mwa polisi. Saa hizo zikiisha aachiliwe au apelekwe mbele ya majistra (ofisa wa parke). Kifungu hicho hicho kinamtaka anayemkamata mtu amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na amruhusu kuwasiliana mara moja na familia au avoka. Kasho halina jiko, halina muganga, na mara nyingi halina hata daftari la maana.

Gereza lina daftari. Mtu anaingia kwa karatasi na anatoka kwa karatasi. Ndiyo maana, ajabu kama inavyosikika, kuna watu ambao dosye yao huanza kutembea siku wanapofika Kasapa, kwa kuwa ndipo jina lao linapoandikwa mahali panapoonekana.

"Balishamupeleka ku Kasapa." Tuanzie wapi?

Usianze na chakula. Anza na namba. Nenda grefe ya gereza ukiwa na kadi yako ya mpiga kura na majina yake kamili, yaani jina, jina la pili (postnom) na jina la ukristo, yote matatu. Herufi moja ikikosewa kwenye daftari, "Ilunga" anakuwa "Ilungo" na siku ya kuachiliwa karatasi haitalingana na mtu. Uliza mambo manne na uyaandike:

namba yake katika daftari la kuingilia (ekru);
namba ya RMP, ambayo ndiyo dosye yake parke;
namba ya RP, kama dosye imekwisha kufika korti;
karatasi iliyomwingiza ni ipi, na ya tarehe gani.

Hilo la nne ndilo linalosahauliwa, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kama ni mandat d'arrêt provisoire (MAP), yaani hati ya kumshika kwa muda, bado yuko mikononi mwa parke. Kama ni oridonansi ya hakimu, saa nyingine imeanza kuhesabu. Kama ni rekwizisyo ya kifungo, maana yake amehukumiwa, hata kama yeye mwenyewe hajui.

Huna pesa ya avoka? Barreau ya Haut-Katanga ina ofisi ya ushauri wa bure (BCG). Nenda na namba hizo nne mkononi. Ukifika nazo, avoka anakwenda moja kwa moja kutafuta dosye. Bila hizo, wiki ya kwanza yote inaishia kuzisaka.

Siku zinahesabiwaje kabla ya hukumu?

Chukua kalenda. Tuseme mtu amekamatwa Jumatatu tarehe 3 Machi 2025.

Polisi wana saa 48, kwa hiyo Jumatano tarehe 5 lazima awe mbele ya majistra wa parke. Majistra akitaka kumshika anatoa MAP, na kosa liwe la kifungo cha angalau miezi 6. Kwa kuwa Lubumbashi parke na hakimu wako mji mmoja, ana siku 5 za kumfikisha mbele ya hakimu wa korti ya amani: tumefika tarehe 10 Machi. Hakimu anasikiliza katika chumba cha faragha, avoka akiwepo kama yupo. Akikubali kizuizi, oridonansi yake ina nguvu ya siku 15, na siku yenyewe ya kuitoa inahesabiwa. Kwa hiyo inakwisha tarehe 24 Machi, wala si 25. Kosa hili la siku moja linafanywa kila wiki.

Baada ya hapo kizuizi kinaongezwa mwezi mmoja mmoja. Kwa kosa la kifungo cha miezi 6 kwenda juu hakiongezwi zaidi ya mara tatu mfululizo. Katika mfano wetu, hiyo inatufikisha karibu na tarehe 24 Juni. Kuanzia hapo, kuongeza tena kunataka hakimu aseme hadharani, kikaoni, mbele ya watu. Ukikuta mtu wako ana miezi saba, na hakuna kikao cha wazi kilichofanyika, hapo pana hoja. Rufaa dhidi ya oridonansi ya kizuizi ni ya saa 24 tu. Ukisubiri "bakubwa wakae kwanza wazungumze" utakuwa umechelewa.

Kinachoharibika zaidi ni kitu kidogo: oridonansi inaisha na hakuna anayeomba nyongeza. Kisheria mtu huyo anashikwa bila karatasi. Lakini direktere wa gereza hawezi kumtoa kwa sababu tu tarehe imepita. Anangoja amri ya kumwachilia yenye saini ya majistra. Na majistra aliyeshika dosye amehamishiwa mji mwingine, dosye iko kwenye rafu, juu yake kuna dosye nyingine sitini. Ndiyo maana tunawaambia familia wawe na daftari lao la tarehe, na avoka aandike kwa parke siku mbili au tatu kabla ya kila mwisho, aache nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Dhamana inalipwaje?

Uhuru wa muda unaombwa kwa hakimu anayehusika na kizuizi, au kwa majistra kabla dosye haijafika kwa hakimu. Kiasi kikishapangwa, kinalipwa benki kwa noti rasmi, nawe unabaki na risiti. Hela inayotolewa mkononi korido ya parke si dhamana, iitwe jina lolote. Kwa sheria dhamana inarudishwa kama mtu alihudhuria kila alipoitwa, kwa hiyo risiti ile usiitie kwenye mfuko wa suruali inayofuliwa.

Ndani wanapangwaje, na kapita ni nani?

Walinzi ni wachache, wengine hawana hata matrikile (namba ya mtumishi wa serikali), na polisi wanalinda nje ya ukuta. Ndani, kazi ya kila siku inashikwa na wafungwa wenyewe: kapita mkuu, kapita wa kila pavio (jengo la kulala), na vijana wao wa usafi, wa jiko na wa kuita majina ya wageni. Mgeni wa kwanza wa mtu wako mara nyingi ni kapita wa pavio anayetaka kujua ana familia gani.

Mpango huu ulizaliwa kwa uhaba wa walinzi na unafanya kazi yake: bila kapita, watu mia moja wa chumba kimoja wasingepata zamu ya choo. Ubaya wake ni kwamba nafasi ya kulalia inageuka bidhaa. Anayelipa analala kwenye godoro karibu na dirisha. Asiyelipa analala amekaa, mgongo ukutani, karibu na ndoo. Kanuni za Mandela za Umoja wa Mataifa (2015), ya 40, zinakataza mfungwa kupewa madaraka ya kuadhibu wenzake. Kapita akipiga, au akifungia mtu chumba cha adhabu, peleka malalamiko kwa direktere kwa maandishi, nakala kwa parke. Majistra wa parke wana wajibu wa kukagua magereza, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu (CNDH) ina haki ya kuyatembelea.

Wanasema gereza "limejaa". Uwezo wake unapimwaje?

Kipimo kinachotumiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu (CICR) ni mita za mraba 3.4 kwa mtu katika chumba cha pamoja. Chumba cha mita 8 kwa 10 kina mita za mraba 80. Gawa kwa 3.4, unapata watu 23. Ukiweka humo 120, kila mmoja anabaki na 0.67. Mlango wa kawaida wa nyumba, sentimita 80 kwa mita 2, ni mita za mraba 1.6. Ulaze mlango huo chini, halafu walale juu yake watu wawili, na wa tatu aweke miguu.

Hesabu hiyo ya mlango ndiyo maisha ya magereza mengi makubwa ya nchi. Makala ya Kinshasa ilijengwa 1957 kwa watu 1,500, na imekuwa na zaidi ya 12,000. Wengi wao hawajahukumiwa. Ndiyo sababu sisi tunaona chumba cha bei rahisi kuliko vyote ni kile kinachoachwa wazi na dosye iliyotembea. Wahamishe parke majistra watano wapya wenye karani na mafuta ya gari, utapata nafasi nyingi kuliko pavio moja jipya. Bahati mbaya, karani hana utepe wa kukatwa.

Kwa nini basi wasijenge magereza mapya?

Yanajengwa, au yanatangazwa. Mradi uliojulikana zaidi miaka hii ni wa gereza la Kisangani: waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alijiuzulu Juni 2025 kwa tuhuma za kufuja fedha za mradi huo, dola milioni 19 na ushee, na Septemba 2025 Korti ya Kasasyo (korti ya juu) ikamhukumu miaka 3 ya kazi za lazima.

Lakini hata fedha zikifika salama, jengo peke yake halitoshi. Kosa la kawaida ni kuongeza pavio bila kuongeza kilicho nyuma yake. Fikiria watu 1,000:

Maji. Lita 10 hadi 15 kwa mtu kwa siku ni kiwango cha chini. Kwa 15, ni lita 15,000 kila siku, mitungi mitatu ya lita 5,000 ijae na kumalizika. Kwa mtu mmoja hiyo ni robo tatu ya bidoni la njano la lita 20, la kunywa, kuoga, kufua na kumwaga chooni. Umeme ukikatika siku mbili pampu inanyamaza, na choo cha kumwaga maji kinageuka shimo lililozibika. Pampu bila jenereta au bila mtungi wa akiba wa siku mbili ni mapambo.

Vyoo. Kimoja kwa watu 25, yaani 40. Shimo la maji taka likijengwa kwa ajili ya watu 300, watu 1,000 wanalijaza kwa haraka mara tatu na zaidi. Harufu inafika kwanza jikoni, kwa kuwa wajenzi wa zamani walikuwa na tabia ya kuweka jiko na vyoo nyuma ya ukuta mmoja.

Jiko. Ukimpa kila mtu gramu 300 za unga na 150 za maharagwe, unahitaji kilo 300 za unga, mifuko 12 ya kilo 25, na kilo 150 za maharagwe, kila siku ya Mungu. Maharagwe makavu yasiyolowekwa usiku yanakula kuni nyingi zaidi. Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200, maji yanachemka kabla ya kufikia nyuzi 100, na maharagwe ya zamani yanakaa jikoni mpaka mchana. Kuni zikiisha kabla hayajaiva yanagawiwa hivyo hivyo, na kesho yake foleni ya zahanati ni ya kuhara.

Mlango wa wanawake. Hilo lina swali lake hapo chini.

Wanakula nini, na sisi tupeleke nini?

Serikali hutoa kwa kawaida mlo mmoja, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Magereza mengi ya nchi huuita vungule. Pesa ya chakula inapochelewa kutoka Kinshasa, maharagwe ndiyo yanayopotea kwanza.

Familia nyingi hupeleka bukari (ugali). Ni upendo, lakini ni wanga juu ya wanga. Mtu anayekula mahindi tu kwa miezi anaweza kupata pelagra: ngozi ya shingo, mikono na miguu, pale jua linapofika, inakuwa nyeusi na kuchubuka kama imeungua, tumbo linaharisha, mwishowe kichwa kinachanganyikiwa. Wenzake wanasema amerogwa. Dawa yake ya kuzuia iko sokoni: karanga, ndakala (samaki wadogo wakavu), maharagwe, mayai. Kilo moja ya karanga za kukaanga inamfaa kuliko sufuria ya pili ya bukari, haiozi, na inagawanyika kwa vikonzi, jambo muhimu kwake kwa sababu ndani hakuna anayekula peke yake. Ongeza chumvi, mafuta kidogo katika chupa ya plastiki, sabuni ya kipande.

Vitu vinavyokataliwa: chupa za kioo na makopo ya bati, kisu, wembe, kioo, simu, pombe, na dawa isiyo na karatasi ya muganga. Chakula kitatobolewa kwa kijiti kutafuta simu au bangi, kwa hiyo tumia chombo cha wazi, usifunge fundo kumi, na usilete mkate mzima. Andika jina lake na pavio juu ya chombo kwa kalamu isiyofutika.

Kumtembelea mtu hakulipiwi kisheria. Ukiambiwa habari za madesu ya bana (hongo ndogo), omba risiti kwa sauti ya heshima. Mara nyingine mazungumzo yanaishia hapo, mara nyingine utarudi kesho. Siku za wageni zinabadilika, hasa baada ya ghasia, basi uliza kabla ya kupanda basi. Avoka hafungwi na siku hizo.

Akiugua?

Kikohozi cha wiki mbili na zaidi: aombe kupimwa makohozi. Kifua kikuu hakina mahali kinapofurahi kuliko chumba cha watu 120 chenye dirisha moja. Matibabu ni ya miezi 6, na dawa za mpango wa taifa ni bure. Hatari ni uhamisho. Mtu anahamishwa mwezi wa tatu bila kadi yake, anakaa wiki tano bila dawa, kikohozi kinarudi kikiwa kigumu. Omba nakala ya kadi, iwekwe nyumbani.

Upele huja na watu kulala wamegusana. Kumtibu mmoja ni kazi bure. Chumba kizima kinatibiwa siku moja na nguo zinafuliwa siku hiyo hiyo.

Wanawake wanafungwa wapi?

Katika sehemu yao, ndani ya ukuta ule ule, na hapo ndipo pana kasoro ya kijengo ambayo nchi imeilipia kwa damu. Tarehe 25 Septemba 2020 ghasia zilianza Kasapa. Kwa siku tatu wafungwa wanaume walishika gereza, moto ukawatoa wanawake katika sehemu yao, na wakabakwa mara nyingi mpaka askari walipoingia. Tarehe 2 Septemba 2024 ikawa Makala: serikali ilitangaza vifo 129, na huko pia wanawake walibakwa. Tarehe 27 Januari 2025 ikawa Munzenze, Goma.

Mara tatu sura ni ile ile. Ukuta wa ndani ukivunjwa, mwanamke hana mlango wa kutokea. Sehemu ya wanawake inayostahili jina hilo ina geti lake linalofunguka nje ya gereza, walinzi wa kike wenye ufunguo wao, maji yake, na haitegemei jiko la wanaume. Hakuna teknolojia hapo, ni fundi na tofali.

Kijana wetu ana miaka 16. Mbona yuko na wakubwa?

Asiwe. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema chini ya miaka 18 ni mtoto, na dosye yake ni ya korti ya watoto. Chini ya 14 hawezi kushtakiwa kabisa. Akizuiliwa ni katika kituo cha serikali cha kulea (EGEE) au kwa familia ya kuaminika. Ubishi wote unahusu umri: polisi aliandika 19 kwa kumtazama ndevu. Leta cheti cha kuzaliwa siku hiyo hiyo. Kama hakipo, lete cheti cha ubatizo, buletini za shule na kadi ya chanjo, vyote kwa pamoja, maana kimoja peke yake kinatiliwa shaka.

Ametolewa usiku, wanasema amehamishwa. Wapi?

Mara nyingi ni Buluo, kilomita kama 120 kwa barabara ya Likasi. Wengine hupelekwa mbali: Angenga (huko Lisala, mkoa wa Mongala), Osio karibu na Kisangani, Luzumu (Kongo Central), na wanajeshi Ndolo (Kinshasa). Familia huambiwa mwisho. Grefe ya Kasapa lazima iwe imeandika tarehe, gereza analokwenda na amri iliyofuatwa. Omba uonyeshwe mstari huo. Asiyehukumiwa akihamishwa mbali na korti yake, avoka apinge mara moja, kwa sababu kikao kitaahirishwa kila mara kwa sababu moja: mshtakiwa hayupo. CICR inaweza kusaidia kupeleka ujumbe wa kifamilia pale simu isipofika.

Magereza yakivunjwa, dosye zinakwenda wapi?

Kasapa ilivamiwa na watu wenye silaha tarehe 7 Septemba 2011, na karibu wafungwa elfu moja wakatoka. Kangbayi ya Beni ilivunjwa 2017 na tena Oktoba 2020. Goma na Bukavu, Januari na Februari 2025, magereza yalibaki matupu. Daftari likiungua gerezani, parke ina nakala yake chini ya RMP, na korti chini ya RP. Hapo ndipo utaelewa kwa nini tulikuambia uandike namba nne. Aliyekuwa amebakiza mwezi mmoja atoke, na hana karatasi hata moja, ndiye anayepata taabu kuliko wote kuthibitisha kwamba alikuwa amebakiza mwezi mmoja.

Hukumu imetoka. Sasa?

Rufaa ni ndani ya siku 10. Kosa la kifungo kisichozidi miaka 5 limehukumiwa na korti ya amani, linakwenda TGI. Lililohukumiwa na TGI linakwenda Korti ya Rufaa. Muda wote aliokaa kizuizini unakatwa kwenye kifungo, siku kwa siku.

Kisha soma mistari ya mwisho ya hukumu, ile ambayo kila mtu anairuka. Pale kuna faini, gharama za korti na fidia. Faini isipolipwa inageuka kifungo cha badala. Gharama na fidia zisipolipwa zinageuka shinikizo la mwili, yaani kushikwa gerezani kwa ajili ya deni hilo. Kila kimoja kinaweza kufika miezi 6. Kuna watu wamemaliza mwaka wao wote, na wamebaki kwa sababu ya gharama ambazo ndugu wawili wangezichanga. Uliza kiasi halisi grefe ya korti, ulipe benki, peleka risiti gerezani mwenyewe.

"Robo ya kifungo" ni kweli?

Ni kweli, na inaeleweka vibaya. Aliyemaliza robo *anaweza* kuachiliwa kwa masharti, mradi amekaa zaidi ya miezi 3; mwenye kifungo cha maisha, zaidi ya miaka 5. Kwa miaka minne, robo ni miezi 12. Kwa miezi 10, robo ni miezi miwili na nusu, lakini atangoja mitatu ipite. Uamuzi ni wa waziri, baada ya maoni ya direktere na ya parke. Dosye ina nakala ya hukumu, ripoti ya mwenendo, na anwani atakapoishi. Inakwama mara nyingi kwa kukosa nakala ya hukumu, iliyosomwa kikaoni lakini haijapigwa mashini. Fuatilia hilo kwanza.

Siku ya kutoka aondoke na nini?

Amri ya kumwachilia inatoka kwa majistra, grefe inafuta jina lake kwenye daftari, naye anapewa billet ya kutoka yenye muhuri. Asitoke bila hiyo, hata kama ni saa kumi na mbili jioni na geti linafungwa. Linganisha herufi za jina na kadi yake papo hapo. Kesho yake piga nakala mbili, moja ibaki kwa mama, nyingine akae nayo mfukoni kwa miezi kadhaa, kwa sababu kituo kilichomkamata hakipati taarifa kwamba ameachiliwa, na polisi wa pale bado wanamkumbuka sura.